Jeki Haikuteleza

Tunduma, Jumapili alasiri

Mwanangu Atupele,

Umekwenda kwa Mama Zawadi kusukwa, na kwa jinsi anavyosuka huku anasimulia, nina kama saa tatu za kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini. Utaisoma ukishafika kwenye kituo chako kipya huko bondeni. Nitaiweka kwenye droo ya gari pamoja na kadi ya bima.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kufunga mlango mapema. Wewe ni tabibu. Hayo ndiyo utakayowafundisha wengine. Barua hii ni ya gari, hasa sehemu yake ya nyuma, na ni ya mtu mmoja, Fundi Sichone. Ukifika mahali nimeacha gari nikaanza kumzungumzia mtu, usiruke mistari. Ni habari ileile.

Wiki iliyopita tulikuwa jikoni, nikakuuliza, "Nyuma ikikushukia huko bondeni, utampelekea nani?"

"Nitarudi nalo Tunduma."

"Likikataa kurudi?"

"Mama, najua unakoelekea. Eti kuna Sichone pale Chitete. Mimi simpi gari mtu aliyejiangushia gari mkononi mwake mwenyewe. Fundi Jeki! Si ndivyo mnavyomwita hapa mjini?"

Ukacheka. Mimi nikaendelea kuchambua maharage. Ningekusahihisha palepale, sentensi moja ilitosha, lakini sikuisema. Kwa hiyo sasa naandika kurasa nyingi.

Nianze na gari, kwa sababu utalitegemea, na wapo watakaolitegemea kupitia kwako. Zahanati yako haina gari la wagonjwa. Utapigiwa simu kuhusu mwanamke mwenye uchungu, na gari lililo karibu litakuwa lako. Barabara ya kule unaijua.

Mbele gari limesimama juu ya springi za chuma kama magari mengine. Nyuma limesimama juu ya upepo: mifuko miwili ya mpira mnene, mmoja kila upande, iliyojazwa upepo na pampu ndogo iliyofichwa chini ya bodi. Karibu na ekseli kuna kifaa chenye mkono mwembamba wa chuma kinachopima kimo cha gari. Ukiongeza mzigo, nyuma inashuka, kile kifaa kinatoa taarifa, pampu inajaza upepo, gari linarudi kimo chake. Ukishusha mzigo, linatoa upepo lenyewe. Ndani, karibu na gia, kuna kitufe cha kulipandisha juu zaidi ya kawaida, na pembeni yake swichi ya kuuzima mfumo wote.

Waliolitengeneza walifikiria familia inayokwenda mapumziko na masanduku yake. Hawakufikiria Ibaba, kijijini kwetu.

Unaijua Ibaba kama mjukuu: unakwenda, unakula viazi, unarudi. Mimi naijua kama binti aliyetoka akaenda mjini akarudi na gari. Ukikataa viazi vya mtu kule umeukataa mkono wake, na maneno yatakufikia Tunduma kabla hujafika mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa gari hili nilikwenda kumzika bibi yako mdogo. Wakati wa kuondoka mama yako mkubwa alisimama nyuma ya gari, mikono kiunoni.

"Gari kubwa namna hii, unaondoka na magunia mawili? Kwani ni baiskeli?"

"Dada, nyuma lina springi za upepo. Halitaki mzigo mkubwa."

"Upepo? Umenunua gari au umenunua puto?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona haya. Niliondoka na magunia saba ya viazi, moja la maharage, mkungu wa ndizi na shemeji wawili. Nyuma ilikuwa imelala. Nikabonyeza kitufe cha juu, likainuka, nikajisifu kimoyomoyo kwa kuwa na gari la kisasa. Nililiacha kwenye kimo cha juu njia nzima mpaka nyumbani, na njia nzima nilisikia kitu kinavuma chini ya kiti cha nyuma. Nilifikiri ni barabara. Ilikuwa pampu, ikifanya kazi isiyokuwa yake.

Nilifanya hivyo safari baada ya safari. Kila nikifika nyumbani nilibonyeza kitufe tena kulirudisha kimo cha kawaida, kwa sababu likiwa juu majirani waliuliza nimebeba nini. Mkono ulizoea: naingia, naona taa ya juu inawaka, naizima. Kumbuka mazoea hayo. Nitayarudia mbele kidogo, na hapo hayatachekesha.

Baada ya mwaka mmoja na nusu gari lilianza kukaa. Jioni naliacha limesimama vizuri, asubuhi nyuma iko chini kama mbwa aliyeketi kungoja chakula. Naliwasha, pampu inavuma, linapanda, naondoka. Kisha likachukua dakika nyingi kupanda. Kisha taa kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Kisha likakataa.

Nikasema pampu imekufa, kwa kuwa pampu ndiyo niliyokuwa naisikia. Nikavuka mpaka kwenda Nakonde kwa mama mmoja muuza vipuri vilivyotumika.

"Mulishani, batata?" nikamsalimia kwa Kibemba changu cha sokoni, nikiwa sijui kwamba batata ni kwa wanaume.

"Mimi si baba yako, mama," akajibu kwa Kiswahili safi, watu wa dukani wakicheka. "Lakini pampu hii cisuma, nzuri kabisa. Funga, nenda."

Nilifunga, nikaenda. Ilidumu miezi miwili. Nikanunua ya pili. Ilidumu wiki tatu. Fundi aliyeifunga hakubadilisha rilei, kijisanduku kinachoruhusu umeme kwenda kwenye pampu. Kwa ile kazi ya mfululizo kilikuwa kimeungua na kugandana kwa ndani, kwa hiyo pampu mpya ilizunguka hata gari likiwa limezimwa, mpaka ikaungua na betri ikaisha. Ukibadilisha pampu, badilisha na rilei. Hilo nililipia mara mbili ili wewe usilipie hata mara moja.

Unajua kazi yangu. Nimewafundisha vijana wa redioni kwamba anayepiga kelele si lazima awe ndiye mwenye habari. Waulize na walionyamaza. Kwa gari langu mwenyewe nilimsikiliza mpiga kelele peke yake, mara mbili mfululizo.

Ndipo nikampelekea Sichone.

Wakati huo alikuwa na gereji kwenye ile safu ya mafundi, barabara ya Sumbawanga. Ulimwita anko, kwa sababu aliwahi kufanya kazi na marehemu baba yako. Alikuwa mtu wa maneno machache, na magari hayakukauka mlangoni kwake. Hakufungua boneti. Aliuliza maswali.

"Linashuka upande mmoja au pande zote?"

"Sijui. Linashuka tu."

"Likiwa na mzigo au tupu?"

"Vyovyote."

"Kwa saa moja, au kwa usiku mzima?"

"Fundi, mimi naona asubuhi tu limekaa."

Akanitazama. "Mama Atu, wewe si mwandishi wa habari?"

Akafunga rilei mpya na pampu kuukuu ya kuazima, dhaifu lakini inayojaza, akanipa futi kamba. Nipime jioni na asubuhi, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, niandike. Na jioni nizime ile swichi ya mfumo, ili gari lisijirekebishe lenyewe likanidanganya. Nilipima siku tatu. Kulia lilishuka kidogo sana. Kushoto lilishuka vidole vinne.

"Basi pampu haina kosa," akasema. "Pampu zako zimekufa zikijaza mfuko unaovuja. Ungeleta hata kumi, zingekufa."

Hayo ndiyo ya kushika. Zikishuka pande zote mbili sawasawa, shuku paipu, maungio au vali. Ukishuka upande mmoja, shuku mfuko wa upande huo. Likishuka kwa dakika chache tundu ni kubwa, likichukua usiku mzima ni dogo. Na likikaa juu bila kushuka, au likipanda na kushuka bila mpango, tazama ule mkono mwembamba wa kile kifaa cha kupimia. Kutu na matope huukamata ukaganda, au huvunjika kabisa, na gari linakuwa limeambiwa uongo kuhusu kimo chake. Ukipata pancha, zima swichi kabla ya kupiga jeki. Usipozima, magurudumu yakining'inia gari hudhani limepanda mno, linamwaga upepo, na ukilishusha mifuko inaweza kujikunja vibaya ikapasuka. Na ikiwa mfuko umekwisha kabisa njiani, zima swichi ili usiiue pampu, endesha polepole, na usimlaze mgonjwa nyuma ya ekseli. Kila shimo litampata yeye kwanza.

Sasa siku yenyewe. Ulikuwa kidato cha pili. Naiandika kama ningeiandika ya mtu mwingine.

Sichone alikuja nyumbani kwetu mchana, kama saa sita na nusu, na chupa ya maji ya sabuni. Njia yake ilikuwa rahisi: kujaza mifuko mpaka kimo cha juu ili mikunjo ya mpira ifunguke, kunyunyiza sabuni, kutazama povu linapochemka. Aliliwasha gari, akabonyeza kitufe cha juu, likapanda. Akalizima. Ufunguo akauacha kwenye gari. Akalala chali, akaingia chini upande wa kushoto. Jeki yake ilikuwa kando ya gurudumu, chini, haijashika kitu.

Saa saba ilikuwa taarifa ya habari, na ndani yake kulikuwa na habari yangu ya wachimbaji wadogo wa Galula. Nilitaka kusikia kama wamekata sehemu ya mwisho. Umeme ulikuwa umekatika. Redio ya gari ilikuwa nzuri.

Niliingia garini, nikafungua ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka. Redio ikaanza. Taa ya kimo cha juu ilikuwa inawaka, na mkono wangu ukaenda kuizima, kama ulivyozoea kila nikirudi Ibaba. Nilisikia upepo unatoka. Gari lilishuka taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Halikupiga kishindo chochote.

Sichone hakupiga kelele. Aligonga bodi kutoka chini kwa mkono wa kushoto, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Atu. Rudisha juu."

Nilibonyeza kitufe. Hakuna kilichotokea, kwa sababu pampu haifanyi kazi mpaka injini iwake. Nikawasha injini. Pampu ikavuma. Kushusha huchukua pumzi chache. Kupandisha huchukua muda, na kwa pampu mbovu huchukua zaidi. Msomaji wa habari alimaliza kipande kimoja akaanza kingine kabla mkono wake haujatoka. Ulikuwa umebanwa kati ya ekseli na mpira wa kugotea, ule unaozuia ekseli isigonge bodi. Kidole cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Hospitali walivikata kwenye kiungo cha pili.

Mama Zawadi alikuja anakimbia na kitana mkononi. Akaona damu, akaiona jeki iko chini kando ya gurudumu. "Jeki imeteleza?"

Nilisema, "Tumpeleke hospitali."

Sikusema ndiyo. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo. Lakini nimewahoji watu wengi, najua kwamba asiyekanusha amejibu.

Kwenye bajaji nilikaa naye nyuma nikiwa nimemfunga mkono kwa kanga. Alikuwa amefumba macho. Nilidhani anasali. Alikuwa ananielekeza. "Kushoto," alisema. "Mkunjo wa chini, upande wa ndani. Nimeliona povu. Usinunue pampu nyingine."

Ulirudi shuleni jioni ukakuta matone ya damu uani. Ukaniuliza anko amepatwa na nini. Nikakujibu neno moja: "Jeki."

Kwa hiyo kwa Mama Zawadi nilinyamaza, lakini kwako nilisema uongo. Sitaki uyachanganye hayo mawili ili kunipunguzia.

Nilisimamia matibabu yake mpaka kidonda kikapona, nikafikiri nimemaliza. Mfuko wa kushoto ulibadilishwa na fundi mwingine, kwa maelekezo ya Sichone. Povu lilikuwa palepale aliposema. Gari halikukaa tena kwa miaka tisa. Yule fundi mwingine alipata sifa mjini kwamba ndiye anayezijua springi za upepo. Sichone alipata jina la Fundi Jeki. Wenzake wakawa wakimwona wanaitana, "Lete jeki, usimlete Sichone!" Mtu akitaka kuacha gari pale alikuwa akiambiwa na wa jirani, kwa wema tu, "Huyu hata jeki humshinda." Niliyasikia. Wakati mwingine nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwa msemaji. Masika yaliyofuata alifunga gereji akahamia Chitete, kutengeneza pikipiki na matrekta madogo ya wakulima na wafugaji wa kule.

Hakuwahi kunikanusha. Na alijua. Aliusikia upepo ukitoka, na ndani ya gari kulikuwa na mtu mmoja tu.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Mwanzoni ilikuwa aibu. Nilikuwa mtu ambaye watu humpigia simu kutaka kujua ukweli wa jambo, na nilimsaga mtu vidole kwa sababu nilitaka kujisikia redioni. Baadaye haikuwa aibu tena, ilikuwa mazoea, na mazoea yana nguvu kuliko aibu kwa sababu hayaumi. Kila mwaka uliopita uliifanya ile habari ionekane ya zamani zaidi na isiyofaa kufufuliwa. Nilipokuwa nafundisha vijana jinsi ya kusoma masahihisho hewani, nilikuwa nawaambia yasomwe saa ileile ya kosa, si saa tano asubuhi watu wakiwa shambani. Nilikuwa nawaambia hivyo nikiwa na sahihisho langu ambalo halijasomwa saa yoyote.

Ulipocheka jikoni ndipo nilipoona kwamba lile neno moja bado linafanya kazi. Litakufanya upite mlango wa mtu pekee kule bondeni anayejua kilicho chini ya gari lako, na uendelee na mgonjwa wako mpaka gari litakapokaa.

Jumatano iliyopita nikaandika rasimu ya barua hii. Alhamisi nikaenda kwenye ile safu ya mafundi. Wengi ni walewale, wameota vitambi. Nikasimama katikati yao, nikasema jeki haikuteleza, mimi ndiye niliyelishusha gari, Sichone hakufanya kosa lile.

Mmoja, aliyekuwa anafuta mikono kwa tambara, akasema, "Mama, hiyo habari imechacha. Miaka yote hiyo?"

"Imechacha lakini ni ya kweli."

"Basi mama ana huruma," akasema mwingine. "Anamsafisha mzee wa watu. Ubarikiwe, mama."

Wakacheka kwa heshima, wakarudi kwenye spana zao. Hawakuniamini. Waliona ni wema. Sijui kama kuna adhabu ya mwandishi inayofaa zaidi ya hiyo.

Ijumaa nikapanda basi kwenda Chitete. Nilikwambia nakwenda kazini. Hilo nalo lisahihishe. Karakana yake iko nyuma ya mashine ya kusaga, si mbali na ofisi za wilaya. Alikuwa anafungua pikipiki, akishika bisibisi kwa kidole gumba na viwili vilivyobaki, na kasi yake haijapungua kama nilivyotegemea. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinisogezea kiti, akaagiza chai, tukaulizana habari za watoto, za mvua, za mahindi, mpaka nikaishiwa na habari za kuuliza.

"Mama Atu," akasema, "hukupanda basi kuja kuuliza mvua."

Nikamwambia nimeandika barua kwa binti yangu, na kwamba kabla habari haijatoka, mhusika asomewe. Nikamsomea yote. Aliendelea kufungua pikipiki. Katikati nikamweleza habari ya jana na mafundi wa barabara ya Sumbawanga, akatabasamu. "Ulikwenda kuwaambia? Watakuwa wamekucheka."

"Walicheka."

"Endelea."

Nilipomaliza siku ya tukio, akainua mkono. "Hapo. Rudia hapo ulipoandika nilikukataza."

Katika rasimu nilikuwa nimeandika hivi: Sichone aliniambia nisiguse gari. Ndivyo nilivyokumbuka. Nilikuwa na hakika.

"Sikukwambia," akasema. "Futa."

"Fundi, nakumbuka ulisema."

"Unakumbuka unavyotaka ulaumiwe. Sikusema neno. Na kuna jingine. Gari linalosimama kwa upepo haliaminiki. Unaweka gogo chini ya chesisi, unazima swichi, na funguo unaziweka mfukoni mwako kabla hujaingia chini. Nilijua hivyo kabla hujanunua gari. Gogo sikuweka. Funguo niliona haya kuzichukua. Mama mwenye gari lake, mke wa rafiki yangu, amesimama uani kwake, mimi nizitie funguo zake mfukoni kama polisi? Niliona ni kukosa adabu."

Akakunywa chai.

"Adabu ile ndiyo iliyokula vidole. Wewe uliongeza tu. Kwa hiyo andika vyote, chako na changu. Usinifanye malaika, wateja wataogopa kunipa pikipiki zenye matope."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema kwamba si jeki. Akasema, "Ningesema nini? Kwamba ni Mama Atu? Ungekanusha, nami ningekuwa fundi aliyekosa vidole na kugombana na mjane. Ungekubali, bado wangeuliza gogo lilikuwa wapi." Kisha akasema, bila kuniangalia, "Lakini nilikungoja. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku."

Hilo ndilo lililonipata.

Basi nimefuta ile sentensi, na hapo juu umesoma ilivyosahihishwa: aliuacha ufunguo, hakunikataza, gogo halikuwapo, na mimi nililishusha. Ukweli umegawanyika hivyo. Sehemu yangu ni kubwa kuliko yake, na miaka ya kunyamaza ni yangu yote.

Nilimwambia unahamia bondeni na gari lile. Hapo ndipo aliposhusha bisibisi. Akauliza kama mfuko wa kulia umewahi kubadilishwa. Nikasema hapana. Akauliza kama limeanza kukaa. Nikasema tangu mwezi uliopita, kidogo, asubuhi. Unajua hilo; uliniambia ni ardhi ya uani isiyo sawa. Si ardhi, Atupele. Leo asubuhi nimepima kwa futi kamba. Ni kulia, vidole viwili.

Anasema mpira wa umri ule hauna muda mrefu, na kwa barabara za kule angependa kuing'oa mifuko yote miwili na kuweka springi za chuma. Litarusharusha likiwa tupu, lakini halitakaa. Wengine watakwambia kuweka chuma ni kuliharibu gari la watu. Mimi sina maoni. Yeye anayo, na ametengeneza vyombo vingi kule bondeni ambavyo hakuna mtu mjini aliyemsifia.

Siwezi kukuamuru. Una miaka ishirini na mitano, na sababu ya kutomwamini mtu niliipanda mimi. Kuing'oa ni kazi yako. Ukisoma haya yote ukaona bado unamtaka fundi mwingine kwa sababu ya gogo ambalo hakuliweka, hiyo ni sababu ya kweli na nitaiheshimu. Usimkatae tu kwa sababu ya jeki.

Nilipokuwa naaga nilimwambia utapita kumwomba radhi kwa jina ulilomwita. Akakunja uso.

"Asije kuniomba radhi. Mtoto hakunikosea, alirudia alichoambiwa na mama yake. Mwambie aje na gari. Na akifika, azime, anipe funguo mkononi. Safari hii nitaziweka mfukoni mbele yake, na asinione sina adabu."

Kwa hiyo usimwombe radhi. Mpelekee gari.

Mama